Kamba Mbili za Moshi

Kibwana alikuwa amekaa juu ya paa la mgahawa wa Bi Mwaisha, miguu imening'inia ndani ya tundu alilolikata mwenyewe, na moshi wote wa maharage ya mchana ulikuwa ukitokea katikati ya magoti yake. Alikuwa akikohoa, ila alikohoa kwa heshima, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kutoa hotuba.

"Unaona, Bi Mwaisha?" aliita. "Unatoka."

"Unatoka kwa sababu hapo pana tundu," Bi Mwaisha alijibu kutoka jikoni. "Hata panya wangelitoboa ungetoka. Nataka kujua hiyo mashine iko wapi."

"Mashine ndiyo naifunga sasa hivi, bibi."

Mashine yenyewe ilikuwa debe la mafuta ya taa lililopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, likashonewa vipande vya ngozi upande mmoja ili lifunguke kama kifuniko cha sanduku. Kamba ya katani ilitoka kwenye kifuniko ikashuka mpaka jikoni. Ukivuta kamba na kuifunga kwenye kigingi, kifuniko kinasimama wazi. Ukiifungua, kinalala na kuziba tundu. Kibwana aliiita bawabu wa moshi, na alisema kwamba nyumba zote za maana huko Bagamoyo, alikozaliwa, zina bawabu wa namna hiyo, na nyumba isiyo naye ni banda.

Hakuzaliwa Bagamoyo, lakini hilo tutalifikia.

Alipiga msumari, akapiga na kidole gumba, akamwita mama yake kwa lugha ya kwao. Kisha akatazama huku na huku kama kuna aliyesikia. Hakukuwa na mtu isipokuwa punda, naye alikuwa chini akila nyasi zilizokatwa paani.

Punda huyo ndiye aliyemfanya Kibwana kupanda juu ya paa. Zamani Kibwana alitoka kwao bara akiwa mpagazi, mzigo wa watu kichwani, njia nzima mpaka pwani. Miguu yake haikusahau hata jiwe moja. Njiani aliapa kwamba siku atakayorudi hatarudi akibeba kitu, atarudi akibebwa. Siku zile gari la moshi lilikuwa linaishia hapa Morogoro. Reli ya kwenda mbele ilikuwa bado ni vigingi na maneno ya Wajerumani. Mtu wa kwenda Tabora alishuka stesheni, akala, akatazama barabara inayoelekea magharibi, akaguna, akaanza kutembea. Kibwana alishuka, akala kwa Bi Mwaisha, akatazama barabara, akaguna, halafu akamwona punda amefungwa uani.

Aliitwa Shaushi, cheo cha sajini wa askari wa boma. Aliachwa na marehemu mume wa Bi Mwaisha, naye alikuwa hamtii mtu yeyote asiyemzidi cheo. Hakuwa wa kuuzwa. Kibwana aliuliza mara moja tu, akajibiwa kwa kutupiwa mwiko.

Ndipo mbiu ilipopigwa sokoni. Bwana mmoja wa boma alikuwa amekula chakula cha mchana karibu na stesheni, akatoka nje huku machozi yanamtiririka kwa moshi, na watu wakamwona Mzungu analia barabarani, jambo ambalo serikali haiwezi kulivumilia. Mpiga mbiu alitangaza kwamba bwana huyo atapita kukagua migahawa. Mgahawa utakaomtia moshi machoni utahamishiwa ng'ambo ya mto. Ng'ambo ya mto hapakuwa na stesheni wala wasafiri. Palikuwa na vyura.

Kibwana alisikiliza tangazo hilo mpaka mwisho, akaenda kununua madebe mabovu.

Ujuzi wake hakuutunga wote. Aliwahi kufagia karakana ya reli Dar es Salaam, na pale aliona jinsi paa la banda la wahunzi lilivyowekewa vifuniko, vikivutwa kwa minyororo, moshi ukatoka. Hakuuliza kwa nini leo wanafungua hiki na kesho kile, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ufagio. Alichukua nusu ya elimu akaondoka nayo, kama wengi wetu tufanyavyo.

"Gari la moshi lenyewe, na nguvu zake zote, lina mahali pa kutolea moshi," alimwambia Bi Mwaisha siku ya kwanza. "Wewe nani, bibi, upike bila?"

Bi Mwaisha alikuwa mama wa makamo, Mluguru wa bondeni, mwenye mikono mipana na subira fupi. "Na huo moshi ukitoka kwangu unakwenda wapi?"

Kibwana alitazama ukutani, akashusha sauti. "Unataka uende wapi?"

Hapo Bi Mwaisha alikaa chini, na biashara ikaanza.

Maana nyumba ile ilikuwa nyumba moja yenye migahawa miwili. Upande unaotazama milima alipika Bi Mwaisha. Upande unaotazama stesheni alipika Severini, Mluguru wa milimani aliyebatizwa misheni, mtu mrefu wa sauti ya chini, aliyeuza kabichi na viazi vya huko juu kwa mchuzi uliosifiwa hata na Waislamu waliokataa kuuonja. Ukuta uliowatenganisha ulipita katikati chini ya mgongo wa paa, lakini haukufika juu. Mjenzi aliishiwa udongo, au hamu. Basi moshi wa Bi Mwaisha na moshi wa Severini ulikutana juu ya ukuta huo kila siku, ukaamkiana, ukatanda pamoja chini ya nyasi, na ulipozidi ukashuka taratibu mpaka machoni pa walaji. Kila mmoja aliapa kwamba moshi ule si wake. Hawakuwa wamesalimiana kwa muda mrefu sana, ingawa meko yao yaliegemea ukuta mmoja, hili huku na lile kule.

"Bawabu wangu," Kibwana alisema, "ataushika moshi wako, aufikishe kwa jirani, na asiurudishe."

"Wote?"

"Na harufu yake."

Bi Mwaisha alimtazama punda kwa muda. "Mchukue," alisema. "Hata hivyo amenila mikeka miwili."

Siku aliyofunga kifuniko cha Bi Mwaisha, Severini alitoka nje akasimama chini ya ngazi, mikono nyuma, akatazama juu kama mtu anayesoma hali ya hewa.

"Habari za kazi, fundi."

"Njema, bwana Severini. Pole na moshi."

"Moshi gani?"

"Utakaokuja," Kibwana alisema kwa huruma kubwa.

Severini alifikiri. Alikuwa na tandiko la ngozi, lililoachwa na msafiri mmoja wa Kizungu aliyeamua kurudi kwao kwa gari la moshi badala ya kuendelea mbele. Alikuwa pia na koti la kaki lenye vifungo vya shaba, alilolivaa Krismasi tu. Punda alikuwa upande huu, tandiko upande ule, ukuta katikati. Kwa jicho la Kibwana, ukuta ule ulikuwa ndio kitu pekee kilichomzuia asiwe mtu mkubwa.

"Na mimi nikitaka huyo bawabu?" Severini aliuliza.

"Nitakufungia mkubwa kuliko wake. Moshi wako wote utashukia kwenye vitumbua vyake."

"Kumtendea jirani hivyo si vizuri," Severini alisema.

"Si vizuri," Kibwana alikubali.

"Utaanza lini?"

Alianza kesho yake. Akakata tundu la pili upande wa stesheni, akafunga kifuniko cha pili, akashusha kamba ya pili kwenye kigingi kilichopigiliwa kwenye ukuta uleule wa katikati. Kila mmoja Kibwana alimwachia agizo lilelile: kifuniko chako kisifungwe kamwe, kiwe wazi asubuhi, mchana na jioni, moshi uende kwa mwenzako. Nao walitii agizo hilo kwa moyo wote, kwa sababu lilikuwa linakubaliana na tabia zao.

Sasa, anayekaa mtaa huu wa Mwembesongo anajua kwamba upepo wa hapa una njia zake. Jua likipanda, upepo hutoka bondeni ukapanda kuelekea milima ya Uluguru. Jioni milima ikipoa, upepo hugeuka ukateremka mjini. Kibwana hakuwa mkaaji.

Kulipokucha vifuniko vyote viwili vilikuwa wazi. Adhuhuri upepo wa bondeni ulifika, ukakuta tundu la Severini limeuelekea, ukaingia humo kichwa mbele. Ulipoingia ulikuwa wa baridi na mzito kuliko hewa ya meko. Haukupita juujuu, ulianguka, na ulipoanguka uliubeba moshi wote uliotanda chini ya paa, ukautupa upande wa pili, juu ya Bi Mwaisha, sufuria zake na wateja wake. Mchuuzi mmoja wa Kihindi aliinuka mezani akiwa ameshika sahani ya mtu mwingine.

"Fundi," Bi Mwaisha aliita. "Hii mashine imegeuka."

"Inajifunza nyumba, bibi," Kibwana alisema. "Mpe bawabu nafasi azoee."

Jioni upepo uliteremka kutoka milimani, ukaingia kwa tundu la Bi Mwaisha, ukautupa moshi kwa Severini. Severini alitoka nje macho mekundu, akasimama karibu na Kibwana, mikono nyuma kama siku ile.

"Bawabu mkubwa huchelewa kuamka," Kibwana alimweleza.

"Aliyelala ni huyu wangu, na aliyeamka ni wa mwenzangu?"

"Ndivyo, bwana. Kesho watabadilishana."

Na kweli kesho yake mchana walibadilishana, na hapo Kibwana aliona kwamba mji huu umemtosha. Punda alikuwa tayari yuko mikononi mwake, kwa kisingizio cha kubeba madebe. Kilichobaki kilikuwa tandiko na koti. Bwana wa boma alitarajiwa siku iliyofuata, na Kibwana alipendelea kwamba siku hiyo yeye awe njiani kuelekea Kilosa, amekaa, miguu yake ikining'inia kwa raha na si kwa kazi.

"Nimemaliza," alimwambia Severini wakiwa wamesimama karibu na meko. "Kazi ya fundi imekwisha, iliyobaki ni ya bawabu."

Severini alikuwa mtu wa kutimiza neno lake, jambo lililokuwa likimtia hasara mara kwa mara. Alileta tandiko, akaliweka sakafuni. Akaleta koti. Kibwana alilivaa, akafunga vifungo vyote vya shaba mpaka shingoni, akajipapasa kifua. Lilimkaa. Kwa muda mfupi alikuwa ameshafika Tabora, na watu wa kwao walikuwa wanatoka nje kutazama nani huyo.

Upande wa pili wa ukuta Bi Mwaisha alikuwa amefika mwisho wa subira yake, ambao haukuwa mbali na mwanzo wake. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka kiunoni. Hakumwona mteja wala mtungi. Alichokiona, kwa macho ya moyo, kilikuwa Severini anacheka. Akachukua mchi wa kinu, akarudi hatua nyuma, akausukuma ukutani kwa nguvu zote za mjane aliyedharauliwa.

Ukuta ulikuwa wa udongo na fito, na ule ulikuwa udongo wa mjenzi aliyeishiwa hamu. Mchi ulitokeza upande wa Severini usawa wa goti, ukapita karibu na mguu wa Kibwana, na ukuta mzima ukatikisika. Kigingi cha kamba ya Severini kikachomoka. Juu, kifuniko cha upande wa stesheni kikalala kwa kishindo.

Wote walitazama juu.

Halafu kitu kilitokea ambacho hakuna aliyekipanga. Upepo wa bondeni, uliokuta tundu la juu limefungwa, uliingia kwa mlango wa mbele wa Severini, chini, kama mgeni mwenye adabu. Ukapita mezani, ukapita kwenye tundu la mchi, ukafika kwenye meko ya Bi Mwaisha, na moto ukanguruma. Moshi uliacha kutangatanga. Ukainuka, wa huku na wa kule, ukavuka juu ya ukuta, ukaelekea kwenye tundu moja lililobaki wazi, lile lililoupa upepo kisogo, ukatoka kwa mstari kama watoto wa misheni. Kutoka magotini mpaka kwenye nyasi za paa, nyumba ikaonekana. Bi Mwaisha aliona kuta zake zilikuwa na rangi.

Kibwana alitazama juu, akatazama chini kwenye tundu la mchi, na alihisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi katika kazi yake. Elimu yake ilipata nusu yake ya pili. Ukitaka moshi utoke juu lazima hewa iingie chini. Na tundu la kutokea ni lile lisilotazama upepo. Ndiyo maana ya ile minyororo ya karakana, leo hiki kesho kile. Alikuwa ameuza kitu cha kweli bila kujua, tena kwa mkono wa uongo, na jambo hilo lilimwudhi.

"Severini," sauti ya Bi Mwaisha ilisema kupitia tundu. Lilikuwa neno la kwanza baada ya muda mrefu.

Severini alichutama. "Naam, dada."

"Hapo kwako moshi upo?"

"Haupo."

"Na hapa haupo. Huyu fundi alikuambia moshi wako ataupeleka wapi?"

Severini alisita, kwa aibu. "Kwenye vitumbua vyako."

"Mimi aliniambia kwenye kabichi zako. Ulimpa nini?"

"Tandiko na koti. Wewe?"

"Shaushi."

Wote wawili walijumlisha. Uso wa Bi Mwaisha ukatokea kwenye tundu, ukatazama juu kidogo kidogo, viatu, suruali, vifungo vya shaba.

"Limekukaa," alisema.

Kibwana alipofika mlangoni, Bi Mwaisha alikuwa amezunguka nyumba na kusimama hapo, mchi begani. Nyuma yake walikuwa wateja wa pande zote mbili, na nyuma ya wateja, barabarani, askari wa boma akipita zake.

"Tunamwita askari?" Bi Mwaisha alimwuliza Severini.

"Huyu ametuhadaa kabla ya ukaguzi wa serikali," Severini alisema polepole. "Nadhani boma watataka kumwona."

Kibwana alikijua kiboko cha boma. Alikuwa na ulimi uliowahi kumtoa kwenye shida nyingi, na sasa aliuachia uende kasi.

"Jamani, kwa nini askari, na sisi ni watu wa nyumba moja? Mimi si mtu wa Bagamoyo. Nilisema hivyo kwa ajili ya biashara. Mimi ni Mnyamwezi, jina langu Mihambo, nimezaliwa Tabora. Mtani wenu. Tangu lini Mluguru akampeleka mtani wake bomani?"

Lilikuwa pigo zuri. Kila mtu pale alijua kwamba Waluguru na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara, na kwamba mtani hashtakiwi. Bi Mwaisha alishusha mchi. Severini alivuta pumzi. Askari alipita na kupotea kwenye kona. Kibwana alitabasamu.

Kisha aliona kwamba wao pia wanatabasamu, wote, mpaka waliosimama nyuma.

"Mnyamwezi," Bi Mwaisha alisema kwa upendo mwingi. "Mbona hukusema mapema? Nikaanza kukukasirikia bure. Mtani hakasirikiwi." Akanyoosha mkono, akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Wala yeye hakasiriki. Si ndiyo, mtani?"

Hapo ndipo Kibwana alipokumbuka upande wa pili wa utani. Mtani hashtakiwi, ila chochote alichonacho mtani mwenzake akikitaka hukichukua, na mwenyewe hucheka. Akinuna, amewatukana babu zake na babu zao. Basi alicheka. Alicheka walipochukua koti, akacheka walipobeba tandiko, na mzee mmoja aliyekuwa akila viazi alipomvua viatu akisema tangu babu yake anavidai viatu vya Mnyamwezi, Kibwana alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa ya moshi.

"Na Shaushi?" aliuliza.

"Shaushi yuko nyumbani kwake," Bi Mwaisha alisema.

Wangemwachia aende zake, peku, na hadithi ingeishia hapo. Lakini jua lilikuwa limeinama. Majani ya migomba ya uani yalitulia, halafu yakageukia upande mwingine. Upepo wa milimani ukaingia kwa tundu la Bi Mwaisha, na moshi ukarudi ndani, ukamwangukia Severini na chungu chake cha kabichi.

"Funga chako," Severini alimwambia Bi Mwaisha, aliyekwisha kurudi jikoni kwake, kupitia tundu la mchi, akikohoa.

"Nifunge changu, chako kiwe wazi?" Bi Mwaisha alijibu. "Nitajuaje hutanirushia?"

"Dada, kesho bwana anakuja."

"Anakuja kwangu na kwako. Kwa nini nifunge mimi?"

Kisha, bila kushauriana, wote wawili, Bi Mwaisha kupitia tundu, walimtazama mtu mmoja nyumba nzima aliyekuwa mtani wa pande zote, ambaye hakuwa na kabichi wala vitumbua.

"Kamba zote mbili zishuke mahali pamoja," Severini alisema. "Hapa kwenye tundu la mchi. Zishikwe na mtu mmoja."

"Mchana afunge chako, afungue changu," Bi Mwaisha alisema. "Jioni afunge changu, afungue chako. Asiwe Mluguru wa bondeni wala wa mlimani."

"Mimi nina safari," Kibwana alisema.

"Kwa miguu?" Bi Mwaisha aliuliza.

Alitazama barabara ya magharibi. Miguu yake, iliyokuwa wazi sasa, ilikumbuka mawe yake yote.

"Moshi ukitulia," Severini alisema kwa upole, "tutazungumza habari za punda."

"Utatulia lini?"

"Upepo ukiacha kugeuka."

Ndivyo Kibwana alivyorudi juu ya paa kabla ya magharibi, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Kamba ya Severini aliipitisha juu ya mgongo wa paa, akaishusha kwenye tundu la ukuta, ikakaa sawa. Chini Bi Mwaisha aliilegeza yake, cha kwake kikalala; Kibwana akaivuta ya Severini, kifuniko cha upande wa stesheni kikainuka, na moshi wa nyumba nzima ukatoka wima, ukaenda zake juu ya reli. Alikitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyokusudia. Ngozi ya bawaba ilikuwa imekaa vibaya, akaitoa, akaishona upya. Hakuna aliyemwambia aishone.

Kamba ya Bi Mwaisha ilibaki. Ilikuwa fupi, ingehitaji kuungwa, na mwanga ulikuwa unaisha. Alitafuta ngazi kwa mguu, akaikosa. Alichungulia. Ngazi ilikuwa imeegemezwa kwenye mgomba, mbali, na chini yake Bi Mwaisha na Severini walikuwa wamekaa kwenye benchi moja wakila sahani moja, viazi vya huyu kwa maharage ya yule.

"Bi Mwaisha, ngazi," aliita.

"Umemaliza?"

"Imebaki kamba moja."

"Basi kesho alfajiri utaanzia hapohapo, usihangaike kupanda tena. Sahani yako inakuja juu."

Shaushi alisogea chini ya paa, akavuta nyasi zilizoanguka, akainua kichwa akamtazama Kibwana kama anayempima cheo. Kibwana aliizungusha kamba fupi kwenye mkono wake, akaitia chini ya paja isipeperuke, akangoja sahani.